Chuma Kisichouzwa Dukani: Habari za Mitambo katika Njia ya Tabora

Katika maongezi haya tumekusudia kueleza jambo ambalo vitabu vya historia hulipita kwa haraka. Habari za njia kuu ya zamani, itokayo Bagamoyo ikapita Ugogo na Unyanyembe hata Ujiji, zimeandikwa mara nyingi. Tumesoma habari za pembe na nguo, za watumwa na shanga, za Waarabu wa Tabora na vita vyao na Mirambo. Walakini njia hiyo hiyo ilipitisha pia vipande vya mashua, mitungi ya injini, magurudumu na misumari ya merikebu. Na kila mtambo ulipoharibika, mwenyewe alikabiliwa na swali ambalo mwenye motakaa yeyote alijua sana. Chuma kile kitapatikana wapi?

Vyuma ni vya namna mbili. Kuna vile vifananavyo, kama misumari na majembe, ambavyo ukikosa hiki watwaa kile. Na kuna vile vilivyopimwa kwa ajili ya mtambo mmoja tu. Chukua mfano wa kilango kipitishacho hewa katika injini ya motakaa. Kikiwa kipana kupita kipimo, hata kwa unene wa ukucha, hewa huyazidi mafuta na injini hukohoa; kikiwa chembamba, injini hukosa pumzi mlimani. Chuma cha namna hii hakiwekwi mafungu mafungu sokoni. Hupatikana kwa mojawapo ya njia tatu: kukiagiza kwa yule aliyeuunda mtambo, au kumpa fundi aliye karibu akitengeneze, au kukingʼoa katika mtambo mwingine uliokwisha kufa. Njia zote tatu zilijaribiwa katika nchi ya magharibi, kila moja kwa gharama yake. Na mara nyingi aliyelipa gharama hiyo si yule aliyeagiza.

Wala mtu asidhani kwamba Unyamwezi ilingoja wageni ili ijue chuma. Wahunzi wa Usumbwa na wa nchi za kusini ya Ziwa Viktoria waliyeyusha mawe ya chuma kwa makaa na mivukuto tangu zamani ambazo hakuna azikumbukaye. Majembe yao yalichukuliwa Tabora kwa maelfu, na kutoka hapo yakaenda Ugogo, ambako yalipokewa kama fedha katika kulipa hongo. Wahunzi hao hao waliitwaa nyaya ya shaba iliyotoka pwani wakaifanya bangili na mitali ya miguuni. Bunduki za gumegume zilipoenea nchini, kazi mpya iliwafikia, maana bunduki ni mtambo: ina kamani, ina jogoo, ina kitundu cha kushikia moto. Kamani ikivunjika Tabora, pwani iko mbali. Mhunzi alilazimika kulitazama lile lililovunjika na kufua jingine mfano wake, kwa nyundo na tupa, bila karatasi yenye vipimo. Basi ile kazi ya kufanyiza chuma kwa kuangalia mtambo wenyewe ilikuwa imekwisha kuota mizizi Unyanyembe kabla ya injini ya kwanza kufika.

Shida ilikuwa uzito. Tangu pwani hata Tabora hapakuwa na gari wala mnyama wa kubeba, kwa sababu mbungʼo waliwaua ngʼombe na farasi na punda njiani. Kila kitu kilikwenda juu ya kichwa au bega la mtu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 hivi au kuzidi kidogo, mbali na chungu chake, mkeka wake, chakula chake na silaha yake. Kilichozidi hapo kilifungwa katika mti kikachukuliwa mzegamzega na watu wawili. Na mzigo wa mzegamzega ulichukiwa sana na wapagazi, kwa kuwa njia ilikuwa nyembamba, miiba pande zote, na hatua za watu wawili hazilingani. Mnyamwezi alikuwa hodari wa safari, naye aliujua mzigo wake kama baharia ajuavyo tanga. Aliupima kwa mkono kabla ya kuukubali. Msafiri aliyeleta sanduku lenye chuma kizito kisichogawanyika alionyeshwa njia ya kurudi nalo.

Hivyo ndivyo ilivyowapata Burton na Speke. Walipoondoka pwani mwezi wa Juni mwaka wa 1857 walikuwa wameandaa mashua ya chuma iliyounganishwa kwa vipande, makusudi kwa kuchungua ziwa kuu ambalo habari zake zilisikiwa Unguja. Mashua ile haikuvuka hata nyika ya kwanza. Waliiacha pwani kwa kukosa wapagazi wa kuichukua. Tarehe 7 Novemba 1857 wakafika Kaze, jina ambalo Tabora ilijulikana nalo wakati ule, na mwezi wa Februari 1858 wakaliona Ziwa Tanganyika. Ndipo pengo la mashua lilipowauma. Speke alivuka ziwa kwa mtumbwi kwenda kukodi jahazi la mfanyabiashara mmoja Mwarabu, akarudi mikono mitupu. Hatimaye walikwenda kaskazini kwa mitumbwi miwili wakafika Uvira, lakini hawakufika mwisho wa ziwa, na ule ubishi wa kama mto Ruzizi waingia ziwani au watoka ukabaki bila kukatwa. Tukitazama vizuri, hoja kubwa ya elimu ya dunia katika miaka ile ilining'inia kwenye mizigo michache ya chuma iliyobaki pwani.

Stanley alijifunza kwa kosa la wenziwe. Mwaka wa 1874 aliagiza Uingereza mashua ya mbao, urefu wake futi 40, iliyokatwa vipande vitano ili ichukulike. Akaiita Lady Alice. Ilipofika Unguja na vipande kupimwa, ilionekana kwamba aliyeiunda alikuwa hajapata kuiona njia ya miguu ya Afrika: vilikuwa vizito mno na vipana mno. Kuirudisha Uingereza kulikuwa ni kupoteza mwaka. Kwa bahati alikuwapo Unguja fundi mmoja wa kuunda vyombo, naye akaikata upya vile vipande vikubwa, akavitia viungo vipya, hata vikapata kupita kichakani. Hapa tunaona jambo litakaloonekana tena na tena katika habari hizi: chombo kilibuniwa Ulaya, lakini kipimo kilichokifanya kifae kilipatikana huku. Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874. Vipande vya Lady Alice vikapita Ugogo juu ya mabega, vikaunganishwa penye Ziwa Viktoria mwaka wa 1875, vikafunguliwa tena, na mwaka wa 1876 vikaelea Ujiji. Wachukuzi wa mashua ile walichaguliwa kwa nguvu zao na kulipwa kupita wenzao; na wengi hawakuiona pwani tena.

Wamisionari wa London walijaribu kuwaepusha wapagazi kwa kutumia magari ya kukokotwa na ngʼombe. Mwaka wa 1877 magari yao yalishika njia kutoka pwani ya Saadani, na mbungʼo wakayamaliza yale makundi ya ngʼombe. Magari yakabaki porini, mzigo ukarudi vichwani. Miaka michache baadaye nahodha wao, Hore, aliichukua mashua ya chuma cha pua, jina lake Morning Star, kwa vipande vilivyowekwa juu ya vigari vya kukokotwa na watu. Aliondoka pwani mwaka wa 1882 akafika Ujiji mwaka wa 1883, naye alihitaji watu kwa mamia. Lakini walipotaka kuleta meli ya moshi, yenye injini na birika la mvuke, hawakuthubutu kuipitisha Tabora. Waliipitisha kusini, kwa mito ya Zambezi na Shire na Ziwa Nyasa, ambako maji yangeuchukua uzito sehemu kubwa ya safari, kisha kwa nchi kavu hata mwisho wa Ziwa Tanganyika. Meli hiyo, Good News, ilishushwa majini mwaka wa 1885. Birika la mvuke ni kitu kisichokatika vipande thelathini. Na njia ya Tabora ilikubali tu kile kilichokatika.

Kisha ikaja motakaa, na pamoja nayo mfano ulio karibu kabisa na shabaha ya maongezi yetu. Tarehe 10 Agosti 1907 afisa mmoja wa Kidachi, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa motakaa akitaka kulivuka bara la Afrika hata Swakopmund, katika pwani ya Bahari ya Atlantiki. Motakaa yake haikununuliwa dukani. Iliundwa kwa agizo lake huko Gaggenau, Udachi, tumbo lake likiinuliwa juu ya ardhi kupita desturi ili lipite mawe na visiki. Petroli iliwekwa mbele katika vituo, na walioiweka walikuwa wapagazi, kila mmoja na debe lake kichwani. Twaomba msomaji asimame kidogo hapa. Chombo kilichokuja kumwonyesha mpagazi kwamba kazi yake imekwisha hakikuweza kwenda hata siku moja bila mpagazi kukitangulia.

Safari haijafika mbali, mitungi ya injini ikaharibika. Mtungi wa injini ni kile chuma cha namna ya pili tulichokitaja mwanzo: hakuna mhunzi awezaye kukifua kwa nyundo, kwa kuwa ni cha kusubu katika kalibu, kisha kukerezwa ndani kwa usawa ambao jicho haliwezi kuupima. Graetz hakuwa na budi ila kungoja. Barua ikaenda Udachi, mitungi mipya ikaundwa, ikasafiri baharini, ikapanda bara kwa njia ile ile ya misafara, hata ikamfikia. Ilikuwa imepita miezi. Watu walioipita motakaa ile ikiwa imekaa chini ya mti walikuwa wakienda kwa miguu, nao wakafika walikokusudia. Graetz alifika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909, baada ya muda wa karibu miezi ishirini na moja. Sisi hatumcheki, maana ushupavu wake ulikuwa wa kweli. Lakini hesabu ya siku yaonyesha waziwazi kwamba katika nchi isiyo na karakana, mwendo wa motakaa hupimwa kwa mwendo wa chuma cha badala.

Karakana yenyewe ililetwa na reli. Kazi ya reli ya kati ilianza Dar es Salaam mwaka wa 1905, ikafika Morogoro mwaka wa 1907, Dodoma mwaka wa 1910, Tabora mwaka wa 1912, na Kigoma mwezi wa Februari 1914. Kwa miaka hiyo michache kazi ya vichwa vya watu katika njia kuu ikafa, na Bagamoyo ikasinzia. Tabora ikapata kitu ambacho haikupata kuwa nacho: nyumba yenye mashine ya kukereza, mashine ya kutoboa, tanuru na fuawe kubwa, pamoja na mafundi Wazungu, Wahindi na Waafrika waliofanya kazi pamoja, ingawa mishahara yao haikuwa pamoja. Garimoshi haliwezi kwenda bila karakana. Kila baada ya mwendo fulani mhimili hukwaruzwa, bomba huvuja, vali huliwa na mvuke. Na reli yenye urefu wa kilomita 1,250 hivi haiwezi kuagiza kila kitu Berlin.

Mzigo mkubwa kupita yote uliopita kwenye reli hiyo mpya ulikuwa ni meli nzima. Meli hiyo, Graf von Goetzen, iliundwa mwaka wa 1913 katika kiwanda cha Meyer huko Papenburg, ikafunguliwa tena msumari kwa msumari, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000. Pamoja nayo walikuja mafundi watatu wa kiwanda hicho, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Kule Kigoma, Wahindi mafundi wa ribiti na vibarua wengi wa nchi wakaiunganisha kando ya maji. Ilishushwa ziwani mwezi wa Februari 1915. Tafakari kidogo taabu ya masanduku 5,000 ambayo ndani yake kila bati lina mahali pake pamoja tu: sanduku moja likianguka baharini huko bandarini, meli yenye urefu wa meta 70 hivi hungoja, kama Graetz alivyongoja chini ya mti wake.

Wakati huo vita vilikuwa vimekwisha kuanza, na hapo ndipo sura ya mambo ilipogeuka. Tangu Agosti 1914 manowari za Uingereza zililinda pwani. Njia ile ya kwanza, ya kuagiza kwa aliyeunda, ikafungwa kabisa. Zikabaki mbili.

Mfano wa kwanza ulitokea pwani, nasi twautaja kwa kuwa uliifundisha nchi nzima. Manowari ya Kidachi, Königsberg, iliizamisha manowari Pegasus katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, na mara injini yake ikavunjika chuma kiunganishacho fimbo ya pistoni. Ikajificha katika milango ya mto Rufiji. Chuma kile hakikuwapo melini, wala hakuna meli ya kukileta. Basi vyuma vizito vya injini vikavutwa nchi kavu, kwa nguvu za watu, katika matope na mchanga, hata Dar es Salaam; karakana ya huko ikavitengeneza; vikavutwa tena kurudi Rufiji. Injini ikapona. Meli haikutoka, kwa kuwa Waingereza walikuwa wamekwisha kuiziba mlango, na tarehe 11 Julai 1915 iliangamizwa. Hata hivyo mizinga yake kumi ilitolewa majini, na karakana zikaifanyizia magari ya magurudumu ili iende nchi kavu, jambo ambalo walioiunda hawakulifikiria. Mmoja wa mizinga hiyo ulipanda reli ukapita Tabora kwenda Kigoma, ukawekwa juu ya Graf von Goetzen.

Motakaa na malori ya jeshi nayo yalidai haki yake. Mipira ya magurudumu ilipokwisha, ilifanyizwa mingine kwa utomvu wa mashamba ya mpira uliochanganywa na kibiriti upele kisha kupikwa. Petroli ilipokwisha, ilipatikana badala yake kwa kuchuja na kuvukiza mafuta ya mbata, wakaiita trebol. Mtu asiyejua mitambo atasema: mafuta ni mafuta. Fundi hasemi hivyo. Kabureta hupimwa kwa namna moja ya mafuta, jinsi yanavyogeuka mvuke upesi au polepole, na kiasi cha hewa kinachoyafaa. Ukibadili mafuta, yakupasa kutazama tena tundu lipitishalo mafuta na kilango kipitishacho hewa, uongeze hapa, upunguze pale, usikilize sauti ya injini, ujaribu tena. Vyuma vidogo vya namna hiyo havikuwa na kiwanda chake Afrika ya Mashariki. Vilitoka katika mikono ya watu wenye tupa na subira.

Lakini kazi ya ajabu kupita zote ilifanyika Tabora yenyewe, katika karakana ya reli, nayo ilikuwa kazi ya fedha. Serikali ya Kidachi ililazimika kuwalipa askari, wapagazi na wauzaji wa chakula. Tangu mwaka wa 1904 rupia ya koloni iligawanywa heller mia, na sarafu zote zilipigwa Udachi, Berlin na Hamburg. Sasa hazikuja tena. Noti zilichapwa huku kwa wingi, walakini watu hawakuzipenda. Karatasi yaliwa na mchwa, na mchuuzi wa mtama aliyekuwa mbali na vita alijua vizuri kwamba thamani ya karatasi ni thamani ya aliyeitia sahihi. Wakataka chuma.

Ili kupiga sarafu yapasa kuwa na vitu viwili: madini na muhuri. Madini ya sarafu ndogo yalipatikana katika maganda ya shaba ya risasi na mizinga iliyokwisha kupigwa, yakayeyushwa na kufanywa mabati, yakakatwa duara. Madini ya sarafu kubwa yalikuwa dhahabu ya Sekenke, katika nchi ya Iramba. Muhuri ndio uliokuwa ule mchuma wetu usiouzwa. Ni kipande cha chuma cha pua, kimechongwa picha kinyumenyume, kisha hutiwa moto na kuzimwa majini ili kiwe kigumu. Kikizimwa vibaya hupasuka kwa pigo la kwanza, kikibaki laini hufutika baada ya sarafu chache. Berlin walikuwapo watu ambao hawakuwa na kazi nyingine maisha yao yote. Tabora walikuwapo watu wa garimoshi.

Wakaifanya. Katika mwaka wa 1916 zilitoka Tabora sarafu za heller 5 na heller 20 za shaba, hizi za 20 kwa mamia ya maelfu, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo ainuaye mkonga mbele ya mlima upande mmoja, na tai upande wa pili. Za dhahabu zilipigwa 16,198. Chini yake imechongwa herufi T, yaani Tabora. Ukizishika zile za heller 20 ukazitazama kwa makini, utaona kwamba hazilingani. Nyingine zina taji kubwa, nyingine taji dogo; katika nyingine ncha za herufi L zimepindwa, katika nyingine zimechongoka. Wakusanyaji wa sarafu za kale wameziainisha na kuzipa alama, kama wataalamu wa ndege waainishavyo manyoya. Sababu yake ni nyepesi: mihuri iliharibika, na kila ulipoharibika mmoja, fundi alikaa akachonga mwingine kwa mkono, na mkono wa mtu haurudii mstari ule ule mara mbili. Kwa hiyo kila tofauti ya taji ni kumbukumbu ya chuma kimoja kilichovunjika Tabora na kingine kilichofanywa badala yake.

Majina ya wahandisi na maafisa wa siku zile yapo katika vitabu. Majina ya waliovuta vyuma vya Königsberg matopeni, ya waliopuliza mivukuto ya Tabora, ya waliogongelea ribiti za Goetzen juani Kigoma, hayamo. Nao walikuwa wengi kuliko maafisa. Tena yafaa kusema bila kuficha kwamba ustadi ule wa karakana, ambao sisi twausifu, ulirefusha vita ambavyo viliua makumi ya maelfu ya wapagazi wa pande zote, kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Njia ya kichwa na bega, iliyodhaniwa kuwa imekufa reli ilipofika, ilifufuliwa na vita kwa ukali ambao misafara ya pembe haikuupata kuujua. Maana mpagazi wa Unyamwezi zamani alipatana ujira wake na kuupima mzigo wake kwa mkono, na mpagazi wa vita hakuulizwa.

Ziwani mambo yalikuwa yamekwisha kubadilika. Waingereza walileta mashua mbili za injini za petroli, Mimi na Toutou, kutoka Uingereza hata Rasi ya Tumaini Jema, kutoka hapo kwa reli hata Katanga, kisha juu ya milima kwa mitambo ya mvuke na ngʼombe na watu. Na mwezi wa Desemba 1915 zikaelea. Tarehe 26 ya mwezi huo zikaiteka meli ndogo Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Wabelgiji nao wakashuka kutoka magharibi na kaskazini. Kigoma ilipokuwa karibu kuangukia mikononi mwao, amri ikatolewa Graf von Goetzen izamishwe.

Wale mafundi watatu wa Papenburg wakafanya jambo ambalo kwetu sisi ndilo kiini cha habari hii. Waliujua kila mhimili wa meli ile, maana waliufungua kwao na kuufunga tena ugenini. Walijua pia kwamba injini kama ile haitapatikana tena Ziwa Tanganyika pasipo masanduku mengine maelfu. Wakazipaka injini mafuta mazito ya grisi kila mahali, tabaka nene, kisha wakaizamisha meli kwa utaratibu, tarehe 26 Julai 1916, karibu na mlango wa Malagarasi. Tarehe 19 Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia Tabora, na karakana iliyopiga sarafu za tembo ikapata mabwana wengine.

Vita vilipokwisha, Wabelgiji waliitoa meli kilindini wakaikokota hata Kigoma, na dhoruba ikaizamisha tena. Waingereza walipoipokea nchi wakaianza kazi upya, na tarehe 16 Machi 1924 ikainuliwa. Walipofungua chumba cha injini na kukwangua tope na ile grisi, wakaona chuma kingali kizima. Miaka karibu minane chini ya maji haikukila. Vilivyoharibika vilitengenezwa au kubadilishwa, vikipanda reli kupita Tabora kama vilivyopanda vile vya kwanza, na tarehe 16 Mei 1927 meli ikaanza kazi tena kwa jina jipya, Liemba, ambalo ndilo jina la kale la ziwa alilolisikia Livingstone upande wa kusini.

Injini zile za mvuke zilifanya kazi hata miaka ya 1970, muda wa nusu karne nyingine, zikichukua abiria, samaki, mahindi na wakimbizi kati ya Kigoma na ncha ya kusini ya ziwa. Ndipo zilipotolewa zikatiwa injini za dizeli, na mafundi wa wakati huo wakapata taabu yao wenyewe, maana sakafu iliyofanyizwa kwa injini ya mvuke ya mwaka wa 1913 haina matundu yanayolingana na injini ya dizeli. Ilibidi kuundwa misingi mipya, mihimili mipya ya kuunganisha, na mabomba yaliyopindwa kwa kipimo cha meli hiyo moja. Karne ya 21 iliikuta Liemba ingali majini.